Kimya cha Kituo cha Juu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya kwanza, dakika ishirini, asubuhi. Mto uko ngazi ya thelathini na nane.

Nimefungua daftari hili kwa sababu mashine imeanza kuniogopesha, na mimi tangu utotoni jambo la kutisha nisipoliandika hunenepa.

Kwa atakayelisoma baada yangu: kituo hiki ni chumba kimoja cha saruji juu ya mwamba, korongoni, na ngazi arobaini na mbili za mawe zinazoshuka mtoni. Ya kwanza iko mlangoni, ya mwisho iko chini kabisa. Maji yakipanda, hesabu hushuka. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpima mto. Alipofariki, miaka sita sasa, Idara ya Maji haikupata mtu mwingine wa kukubali kuishi hapa, nami nilikuwa nimestaafu kazi ya kusahihisha chapa za vitabu, nikabaki. Kompyuta ni sanduku la chuma la kijivu, la aina isiyouzwa tena. Kiwanda chake kilifungwa zamani. Kifaa cha kupima kina cha maji kilichozamishwa mtoni hakielewani na mashine nyingine yoyote ila hii. Ndani ya sanduku mna kadi ya mtandao, kutoka kwenye kadi waya unapanda mlingoti hadi kwenye antena, na antena inatazama bondeni, kilomita thelathini, ambako binti yangu anapokea habari na kupiga king'ora. Simu haishiki humu. Kupata mtandao wa simu ni kupanda ukingo kwa mwendo wa saa mbili, na masika yakikolea njia hiyo huzibwa na maporomoko.

Juu ya mashine, ukutani, mume wangu aliandika kwa chaki: KIMYA NI SALAMA. Ndiyo kanuni ya kituo. Mashine huongea maji yanapopanda au kushuka sentimita kumi. Yakitulia, nayo hunyamaza, na bondeni watu huendelea na shughuli zao.

Wiki iliyopita Idara ilimtuma fundi kusasisha programu za mashine. Tangu siku hiyo kadi inapotea.

Jumatano, 5 Machi
Taa ya kijani ya kadi imezimika saa nne asubuhi. Nimezima mashine, nimewasha. Imerudi.

Ijumaa, 7 Machi
Imezimika tena, sijui tangu lini, nilikuwa nafua. Nikairudisha, nikamwandikia binti yangu kuuliza kama ameona chochote. Akajibu: "Sijaona kitu Mama, kumetulia." Kadi ilikuwa imekufa, naye akaona kumetulia.

Jumapili, 9 Machi
Fundi amerudi. Ni mtu wa miaka hamsini, mwembamba, watu wote wa Idara humwita Bisibisi, naye huitika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeniharibia mashine."

"Loo! Hata maji ya kunywa bado, nimeshahukumiwa!"

Akafungua sanduku, akachungulia, akapiga mluzi. Akatoa mkobani kadi mpya, ya kawaida, akaichomeka. Mashine ikawaka kana kwamba hakuna aliyeingia. Akajaribu nyingine. Vivyo hivyo.

"Hili sanduku lako ni bikizee linalojua lugha moja tu," akasema, kisha akanitazama na kujiziba mdomo kwa mkono.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Jumatatu.

Alinieleza. Kadi yenyewe haina ubovu. Ubovu uko kwenye draiva, ile programu inayoiambia kompyuta jinsi ya kuitumia kadi. "Gari ni zima, Mama. Dereva ndiye mlevi." Aliposasisha, mfumo mpya ulileta draiva yake, iliyotengenezwa kwa kadi zinazofanana na yetu lakini si yetu. Nikamwambia arudishe mambo ya zamani. Akakuna kichwa: sanduku halina nafasi ya mifumo miwili, wa zamani ulifutika, na Idara hawana nakala.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakaa."

Alikuwa na maandishi ya ile draiva ya zamani. Akayarekebisha kidogo yaendane na mfumo mpya, akaiachia mashine iyajenge yenyewe, kwa kuwa hakuna kompyuta nyingine ya jamii yake ingeweza kuifanyia. Ilichukua saa tatu. Tulikunywa chai mara mbili. Taa ikawaka. Kabla ya kuondoka aliniandikia kwenye kipande cha boksi amri mbili, ya kuitoa draiva na ya kuirudisha, kadi ikipotea tena.

"Itapotea tena?"

"Mama, mimi ni fundi, si mganga."

Jumatano, 12 Machi
Shwari. Ngazi ya thelathini na sita.

Ijumaa, 14 Machi
Imepotea saa sita mchana. Nimeandika amri mbili, herufi kwa herufi, nikizisoma kwa sauti kama nilivyokuwa nikisoma chapa za kwanza na mwenzangu kiwandani. Imerudi.

Jumapili, 16 Machi
Mvua tangu alfajiri. Ngazi ya thelathini na moja. Imepotea mara mbili.

Niandike na hili, maana ndilo lililo chini ya mengine yote. Kwetu hakupo tena. Miaka arobaini na moja iliyopita palikuwa na mji mdogo kando ya mto mwingine, wenye barabara moja, kiwanda cha chapa na duka lenye simu. Huko juu alikuwako mlinzi wa mto, na kazi yake ilikuwa kupiga simu dukani maji yakizidi. Mchana ule simu haikulia. Mama yangu alitoka kuuliza, mwenye duka akamjibu, "Hajapiga, basi hakuna neno." Akarudi, akaendelea kuanika nguo. Nguzo za simu zilikuwa zimekwisha kuanguka tangu asubuhi. Mimi nilikuwa darini kiwandani. Mama na mdogo wangu walikuwa uani.

Baada ya hapo tulihamishwa mara nne, kila mara tukiambiwa ni kwa muda. Nimeishi katika huo muda miaka yote hii. Nimesoma vitabu vingi nikitafuta neno la mtu anayetaka kurudi mahali ambapo sasa ni maji, sijalipata. Lakini ule usemi kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, wengine waliusikia shuleni. Mimi niliusikia ukija barabarani.

Na ninaketi chini ya chaki ya mume wangu. Aliyajua haya yote, na bado aliandika vile. Alikuwa mtu asiyeogopa. Niliolewa naye kwa sababu hiyo.

Jumatano, 19 Machi
Nimepata.

Kusahihisha chapa kulinifundisha kwamba kosa haliji peke yake, lina tabia. Asubuhi nimeketi na daftari hili na lile la vipimo, nikaweka saa za kadi kupotea kando ya saa za mto. Mara kumi na moja, pamoja na zile nilizoziandika kwenye la vipimo tu. Kila mara, kabla kadi haijapotea, mto ulikuwa umetulia zaidi ya dakika arobaini. Maji yakipandapanda, kadi haipotei kamwe.

Nilisoma mara ya pili. Maana yake ni kwamba mashine inakufa wakati wa utulivu, na utulivu ndio unaotangulia gharika. Mvua ikimwagika milimani kwa ghafla, maji yatashuka na kuikuta bubu.

Nikamwandikia binti yangu, akampelekea Bisibisi. Jibu lilirudi jioni: "Mama, umenifunga goli. Draiva inailaza kadi ikikosa kazi, kubana umeme, halafu haijui kuiamsha. Nimetafuta pa kuzima huo usingizi, kwa kadi hii hapapo. Dawa ni kutoiacha ikose kazi."

Akanitumia mistari minne ya kuandika. Sasa kila dakika kumi, mto utulie usitulie, mashine inapeleka bondeni neno moja: Nipo.

Binti yangu: "Kila dakika kumi? Mama, utanichosha kama mtoto mwenye mafua."

Nikamwandikia kanuni mpya. Nipo tatu zikikosekana mfululizo, yaani nusu saa, asingoje ngazi ya kumi ambayo ndiyo alama ya hatari. Apige king'ora, watu wapande shule ya kilimani.

Akajibu: "Sawa, Mama. Ila wewe uliyeumwa na nyoka unashtuka hata ukiona kamba."

Nilinyanyua kitambaa nifute ile chaki ukutani. Sikuweza. Ni mwandiko wa mwisho wa mume wangu nilio nao.

Jumamosi, 22 Machi
Siku tatu, haijapotea. Nipo, nipo, nipo. Nimelala mchana, jambo nisilolifanya.

Jumatano, 26 Machi
Sijui niandikeje.

Radi ilianza saa nane mchana, karibu. Pigo la kwanza liliitikisa sufuria. Na mkono wangu, huu wa kulia, ukaenda wenyewe ukachomoa waya wa mashine ukutani, ukachomoa na wa antena. Nyumba zote nilizoishi, radi ikilia mtu huchomoa. Mume wangu alikuwa akichomoa redio kabla hajavaa viatu. Nikafunika sanduku kwa kanga, nikaketi kitandani, nikashukuru kwamba nimeiokoa.

Saa tisa na nusu mvua ikapungua. Nikachomeka. Zikamiminika barua kumi na nne za binti yangu. Ya kwanza: "Mama?" Ya mwisho: "Tumepanda wote. Nijibu hata kama umekufa."

Mto ulikuwa ngazi ya thelathini.

Alhamisi, 27 Machi
Binti yangu amekuja kwa miguu kupitia ukingo. Alifika saa tano, matope hadi kiunoni. Hakunisalimia.

"Watu mia tatu, Mama. Kwenye mvua. Wazee. Mjamzito mmoja tumembeba juu ya mlango."

"Nilisahau, mwanangu."

"Ulisahau nini? Kanuni ni yako! Umeniandikia wewe, kwa nukta na mkato!"

"Mkono ulikwenda wenyewe."

"Kuna mshona viatu kule kwetu mwenye goti bovu, naye alipanda. Amefika juu analia. Unajua ameniambia nini? 'Mwambie mama yako akitaka kutuona atutembelee, asitupandishe mlima.' Watu wote wakacheka. Na mjukuu wako kifua kimembana tangu jana, anakorota kama paka."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama, akiangalia ile chaki ukutani.

"Tukinyamaziwa tena," akasema polepole, "watasema bibi amechomoa. Hata mimi nitasema hivyo. Unaelewa ulichokifanya?"

Nilielewa. Mlinzi wa mto wa kwetu alinyamaza mara moja. Mimi nilikuwa nimekiharibu kimya chenyewe, kisimaanishe kitu tena.

"Sitachomoa," nikamwambia.

"Radi ikilia?"

"Hata ikinipiga. Mashine iungue, sawa. Sitachomoa."

"Ile mikono yako naijua. Kabla hujawaza imeshafanya."

"Basi nifanyeje?"

"Ikalie!" Alisema kwa hasira, lakini alipojisikia, mdomo ukamcheza. Alikunywa chai, akalala saa moja kwenye kitanda changu, viatu vikiwa nje. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili, akaitazama kama vitu alivyoviacha kwa mtu asiyemwamini.

Jumanne, 1 Aprili
Kifua cha mjukuu kimefunguka. Nipo.

Jumamosi, 5 Aprili
Radi, mbali. Niliikalia mikono. Mzee wa miaka sabini na mbili amekalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa sukari. Sikuchomoa.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua siku ya nne. Ngazi ya ishirini na sita. Sauti ya mto imebadilika. Zamani ilikuwa ya maji, sasa ni ya mawe yanayobingirika chini ya maji. Njia ya ukingo imeporomoka mahali pawili.

Alhamisi, 10 Aprili
Ngazi ya ishirini na mbili. Taa inawaka. Nimekuwa naitazama taa zaidi kuliko ninavyoutazama mto. Binti yangu anasema bondeni jua linawaka na watu wanaanika nguo. Nimelisoma hilo neno, wanaanika, mara nyingi.

Ijumaa, 11 Aprili
Naandika wakati wa mambo yenyewe, maana sina lingine la kufanya.

Saa mbili asubuhi, ngazi ya kumi na tisa. Mashine imepeleka. Binti yangu: "Tumeona. Huku shwari."

Saa tatu, kumi na sita. Mti mzima umepita na mizizi yake.

Saa tatu na nusu, radi. Nimekaa kwenye kiti, viganja chini ya mapaja. Mapigo matano. Kila pigo mabega yanaruka, mikono haitoki. Nimesema kwa sauti, "Sichomoi, sichomoi."

Saa nne kasoro dakika kumi, ngazi ya kumi na nne. Imepeleka. Binti yangu: "Tumeona. Kumi na nne. Bado nne." Nilianza kumjibu asingoje kumi.

Sikumaliza. Mwanga mweupe ulijaa chumba, na sauti yake haikuja baadaye, ilikuja nao. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Sanduku bado linanguruma, kioo kinaonyesha vipimo. Taa ya kijani imezimika.

Amri ya kwanza. Amri ya pili. Mashine inasema kadi haipo. Nimerudia mara saba. Nimefungua sanduku: kadi ina doa jeusi katikati, kama jicho la kiazi. Hapa hakuna draiva mlevi. Gari lenyewe limeungua.

Saa nne na dakika ishirini. Nipo tatu zimekosekana sasa hivi.

Ngazi ya kumi na moja.

Kutoka hapa maji huchukua saa tatu kufika bondeni. Ataona kimya. Atajua ya mwisho ilikuwa kumi na nne, na kwamba kumi na nne si hatari, na kwamba mama yake ana mikono isiyosikia. Bondeni jua linawaka.

Saa nne na nusu, ngazi ya tisa.

Nimetoka nikapiga kelele kuelekea chini, mimi niliyesahihisha vitabu vya watu wenye akili. Nimejaribu njia ya ukingo. Hatua mia mbili, udongo ukanirudisha kwa tumbo. Goti limechubuka.

Saa tano, ngazi ya saba. Saa tano na nusu, ya sita. Naendelea kuandika vipimo, hakuna anayevipata.

Saa saba. Sasa yamefika.

Jumamosi, 12 Aprili
Ngazi ya kumi na tatu. Yanashuka. Sijui kitu.

Jumapili, 13 Aprili
Ngazi ya kumi na tisa. Sijui kitu. Kioo bado kinaandika kila dakika kumi kwamba neno Nipo limeshindikana kupelekwa.

Jumanne, 15 Aprili
Saa sita mchana nimesikia mluzi juu ya ukingo. Bisibisi, kamba kiunoni, mkoba kichwani.

Aliponiona akasema kutoka mbali, kabla hajafika: "Wazima, Mama! Binti mzima, mjukuu mzima!"

Niliketi palepale kwenye matope.

Alinipa karatasi ya binti yangu. Naiweka hapa:

"Mama. Nusu saa ilipofika, watu walisimama mlangoni kwangu wakisema bibi amechomoa. Nikasema hajachomoa. Wakasema umejuaje? Nikasema aliniambia hachomoi. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Nikapiga king'ora, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikigombana. Mto ulikuja saa saba na robo. Nyumba yetu imebaki ukuta mmoja. Mjukuu wako anauliza kama uliikalia mikono. Mama, mshona viatu hakupanda. Alisema mara ile alipanda bure. Tumempata jana."

Bisibisi alikuwa amegeuka, anajifanya anakagua mlingoti.

Miaka arobaini na moja nimemlaani mlinzi mmoja ambaye nguzo zake zilianguka. Yeye hakuwa amefanya kosa. Mimi goti la mtu nilikwisha kulitumia bure, na nilipolihitaji halikuwapo.

Jumatano, 16 Aprili
Kabla ya kuja, Bisibisi alipata katika stoo ya Idara sanduku pacha la hili, lililokufa, na ndani yake kadi kama yetu. Ameichomeka. Draiva ile ile, usingizi ule ule, Nipo zile zile. Taa imewaka saa tatu asubuhi.

"Idara wanasema wataleta mashine mpya kiangazi," akasema.

"Kiangazi kipi?"

"Hapo sasa, Mama, umeniuliza swali la mganga."

Alipokwenda nilichukua kitambaa kibichi nikafuta ukuta. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Sikuandika kitu mahali pake.

Ijumaa, 9 Mei
Ngazi ya thelathini na tatu. Masika yanaisha, lakini hayajaisha. Radi saa nane mchana, karibu, sufuria ikalia. Nimeikalia mikono. Nilimfikiria mshona viatu, ambaye sikuwahi kumwona, na mlima wote alioupanda kwa ajili yangu siku ile ya kwanza. Pigo la pili. La tatu. Viganja vimekufa ganzi chini yangu, na taa ya kijani inawaka.